TUMAINI NA UGONJWA WA KANSERE: LINAFANYA NINI, NA HALIFANYI NINI?



Somo langu la leo ni juu ya ugonjwa wa kansere, ule ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita saratani. Sitaeleza ugonjwa wote, sababu hiyo ni kazi ya waganga. Nataka tuangalie jambo moja tu: mugonjwa akiwa na tumaini, akiwaza mema, inamusaidia namna gani? Inamuponyesha? Ao ni maneno ya kufariji tu?

Swali hili si la muchezo. Hapa Butembo na kule Beni, wengi kati yetu tunamujua mama, mujomba ao jirani mwenye ugonjwa huu. Tukienda kumutazama tunasema maneno. Maneno yetu yanaweza kumusaidia, tena yanaweza kumuumiza. Ni vizuri tujue tunachosema.

1. KANSERE NI NINI?

Wenzangu wa biolojia na kemia wanajua: mwili wetu umejengwa kwa seli. Seli moja inagawanyika, inakuwa mbili, mbili zinakuwa ine, lakini kwa amri. Amri hizo zimeandikwa ndani ya ADN. Zikiharibika, seli inaweza kuanza kugawanyika ovyo, bila kusikiliza amri yoyote. Seli zinazotoka kwake zinafanya vile vile. Zinajaa, zinakuwa uvimbe. Kisha zingine zinatoka pale, zinafuata njia ya damu, zinaenda kujenga kwingine: katika ini, katika mapafu, katika mifupa.

Basi kansere si sumu ambayo jirani alitia ndani ya kikombe. Si ulozi. Haiambukizi kwa kula pamoja ao kusalimiana kwa mukono. Tena si alama kwamba mutu fulani amefanya zambi kuliko wengine.

Na tukumbuke neno hili, tutalirudilia: seli ya kansere haina masikio. Haijui kama mwenye mwili anacheka ao analia.

2. WATU WANASEMA NINI?

Kwetu kuna maneno ya namna mbili. Ya kwanza ni ya kukata tumaini: "Ile ugonjwa haina dawa. Musipoteze franga bure, mumurudishe tu ku nyumba." Mara nyingi maneno haya yanasemwa hata kabla munganga hajapima kitu.

Ya pili yako kinyume: "Mama, wewe amini tu. Usiseme uko mugonjwa, sema umepona. Ukikubali dawa ya hopitali, unaonyesha imani yako iko kidogo." Maneno haya yanaonekana mazuri, kumbe yanaweza kuua sawasawa na yale ya kwanza.

Mwezi uliopita mwenzetu mumoja, ambaye sitataja jina lake, aliniuliza swali. Mama yake iko na kansere ya titi. Katika chumba kimoja cha maombi walimwambia kwamba uvimbe haupunguki sababu ndani ya moyo wake kuna mashaka. Tangu siku ile yule mama halali. Usiku anakaa kitandani, anatafuta ni zambi gani alifanya. Mwenzetu akaniuliza: "Kapita, ni kweli? Mama akifikiri vizuri zaidi, njo atapona?"

Sikupenda kumujibu mbio mbio. Nilisoma, nikamuuliza mwalimu wetu wa biolojia, na majibu ndiyo haya yanayofuata.

3. WENYE ELIMU WALIPIMA JAMBO HILI

Mwaka 1979, waganga wa hopitali ya King's College kule London waliandika juu ya wanawake 69 wenye kansere ya titi. Waliona kwamba wale wenye moyo wa kupigana, pamoja na wale waliokataa kukubali kwamba wako wagonjwa, waliishi vizuri zaidi katika miaka 5 kuliko wale walionyamaza tu ao waliokata tumaini. Habari hiyo ilienea sana. Mwaka 1989, munganga David Spiegel wa California aliandika juu ya wanawake 86 ambao kansere yao ilikuwa imekwisha kuenea. Wale waliokutana kila juma kuzungumza pamoja waliishi karibu mara mbili kuliko wengine. Watu wakafurahi: mawazo yanashinda kansere!

Lakini wanafunzi wa siansi wanajua kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Ukiuliza wanafunzi 10 wa darasa moja, huwezi kujua namna jimbo lote litafanya katika Egzamen ya Serikali. Kwa hiyo wengine walipima tena, na watu wengi zaidi.

Mwaka 1999, kule Uingereza, Maggie Watson na wenzake waliandika juu ya wanawake 578. Moyo wa kupigana haukuongeza maisha. Lakini waliona jambo lingine: wale waliokata tumaini kabisa hawakuendelea vizuri kama wengine. Mwaka 2001, kule Kanada, Pamela Goodwin na wenzake walirudilia ile kazi ya Spiegel kwa wanawake 235. Wale waliokutana pamoja hawakuishi zaidi kuliko wengine. Ila huzuni yao ilipunguka, na maumivu yao pia, zaidi sana kwa wale ambao mwanzoni walikuwa wanateseka sana. Mwaka 2007, kule Marekani, James Coyne na wenzake walitoa hesabu ya wagonjwa 1,093 wenye kansere ya kichwa na shingo. Furaha ao huzuni ya mutu haikuonyesha nani ataishi na nani atakufa.

Basi jibu kwa mwenzetu ni hili: hapana. Mama yako hakosi kupona sababu ya mawazo yake. Uvimbe wake haukui sababu ya mashaka, tena hautayeyuka sababu amejilazimisha kucheka. Anayemwambia vile anamuongezea ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza: anabeba kansere, tena anabeba lawama.

4. BASI TUMAINI NI BURE? HATA KIDOGO!

Tusikimbie upande mwingine. Tumaini haligusi seli, lakini linamugusa mutu mwenye seli hizo. Linamusaidia kwa njia ine.

Njia ya kwanza: tumaini linapeleka miguu ya mutu hopitali. Mambo hayo sisi wa Beni na Butembo tuliyaona kwa macho yetu. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ikaisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 wakafa. Mwanzoni wengi walikataa kwenda kwenye vituo vya matunzo. Walisema, "Kule watu wanaenda kufa." Waliobaki nyumbani walikufa, na waliochelewa sana wakafa ndani ya kituo, basi neno lao likaonekana kweli. Lakini tangu mwezi wa 11 mwaka 2018 dawa 4 zilijaribiwa hapa hapa kwetu, Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mwezi wa 8 mwaka 2019 ilitangazwa kwamba 2 kati yake zinashinda zingine. Waliopewa dawa hizo 2 wakati virusi vilikuwa vingali kidogo ndani ya damu, karibu 9 katika 10 walipona. Profesa Muyembe akatangaza kwamba sasa Ebola iko na dawa. Hilo ndilo tumaini lenye sababu, nalo linamufanya mutu ajitokeze mapema.

Kwa kansere iko vile vile. Mwenye kukata tumaini anaficha kidonda, anakuja wakati uvimbe umekwisha kuenea. Ao anaanza dawa, anatapika, anaacha katikati. Mwenye tumaini anamaliza dawa yake.

Njia ya pili: tumaini linapunguza maumivu. Hapa mawazo yanaingia kweli kweli ndani ya mwili. Mwaka 1978, waganga watatu wa California walipima watu waliong'olewa meno. Waliwapa wengine maji matupu badala ya dawa. Kuna wale waliotulia, sababu waliamini wamepata dawa. Kisha waganga wakatia dutu inayozuia nguvu ya morfini, na maumivu yakarudi. Maana yake nini? Ubongo wa mutu anayetumaini kusaidiwa unatengeneza namna ya morfini yake mwenyewe. Vivyo hivyo kichefuchefu na uchovu vinaweza kupunguka. Lakini angalieni: maji matupu yanaweza kutuliza maumivu, hayawezi kuondoa uvimbe. Tusichanganye mambo hayo mawili.

Njia ya tatu: tumaini linamurudishia mutu chakula na usingizi. Mugonjwa aliyekata tumaini anageuza uso ukutani. Bugali unakuja, bugali unarudi. Uji unapoa pale pembeni. Nguvu zinaisha, na dawa za kansere zinahitaji nguvu. Tena huzuni ikizidi, siku kwa siku, juma kwa juma, ni ugonjwa wenyewe, na unatunzwa kwa mazungumzo na kwa dawa. Si uvivu wala si ukosefu wa imani.

Njia ya ine: tumaini linafanya siku ziwe siku. Mwaka 2010, kule Boston, Jennifer Temel na wenzake waliandika juu ya wagonjwa 151 wenye kansere ya mapafu iliyoenea. Nusu yao, pamoja na dawa za kawaida, walipata tangu mwanzo waganga wa kutuliza maumivu, wa kuwasikiliza na kuwaeleza ukweli. Hao waliishi na raha zaidi, wenye huzuni kubwa walikuwa wachache, tena waliishi karibu miezi 12, wengine karibu miezi 9. Angalieni vizuri: hao hawakuambiwa "wewe cheka tu". Walitunzwa.

5. TUMAINI LAZIMA LIWE NA MIZIZI

Muti usio na mizizi, upepo kidogo unauangusha. Tumaini lenye mizizi linasimama juu ya mambo ya kweli. Nitatoa mifano mitatu ya karibu yetu.

Wa kwanza: Denis Burkitt alikuwa munganga wa kupasua kule Kampala. Mwaka 1958 aliandika juu ya watoto wenye uvimbe mukubwa wa taya. Mwaka 1961 alisafiri na rafiki zake wawili kwa gari, maelfu ya kilometa, hopitali kwa hopitali, kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, akiuliza ugonjwa huo unapatikana wapi. Alikuta unapatikana zaidi kwenye joto na mvua nyingi, kule kwenye malaria. Kupasua hakukusaidia sana, lakini dawa za kansere ziliwaponyesha watoto wengi. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Basi mukiona mutoto taya inavimba kwa mbio, musiseme ni jino tu, wala ni ulozi. Apelekwe hopitali siku hizo hizo.

Wa pili: kansere ya shingo ya kizazi, ambayo inaua wanawake wengi katika inchi yetu. Karibu yote inatokana na virusi vinavyoitwa HPV. Chanjo iko, inafaa kwa wasichana kabla hawajajua mwanaume. Tena iko njia nyepesi ya kuvumbua ugonjwa mbele haujawa kansere: mwuguzi anapaka asidi asetiki, ile ile ya siki tunayoijua katika laboratwari, na mahali pabaya panageuka peupe. Pale panaweza kuunguzwa kwa baridi ao kwa joto, na mambo yakaisha. Dada zetu, waambieni mama zenu.

Wa tatu ni kwa wale ambao dawa haiwezi tena kuwaponyesha. Mwaka 1967, Cicely Saunders alifungua kule London nyumba ya kutunza wagonjwa hao, St Christopher's. Alifundisha kwamba maumivu yako ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho, na yote yatunzwe pamoja. Mwaka 1993, Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda kule Kampala, kwa kuwapa wagonjwa morfini ya kunywa, ya bei kidogo, hata wakiwa nyumbani kwao. Kampala ndipo wagonjwa wengine wa kwetu wanaenda wakipitia Kasindi.

Wagonjwa hao wako na tumaini gani? Tumaini linabadili kipimo, halifi. Mutu aliyetumaini kupona, sasa anatumaini kulala usiku mumoja bila kuumwa. Anatumaini kuona mutoto wake akipata diploma. Anatumaini kupatana na ndugu waliyegombana juu ya shamba. Hayo si tumaini dogo.

6. MFANO WA MAANDIKO NA WA INCHI YETU

Sisi tuko shule ya Kiprotestanti, basi tuangalie Maandiko pia. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku 7 bila kusema neno, na pale walifanya vizuri. Walipofungua kinywa wakaanza kutafuta zambi yake, na mwisho Mungu akawakemea wao, si Ayubu. Mufalme Hezekia aliomba akilia, na nabii Isaya akaamuru wamuwekee tini juu ya jipu: maombi na dawa siku moja. Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke, haukutoka, na hakuna mahali anapohesabiwa kuwa mutu wa imani kidogo. Tena mwenzake Luka alikuwa munganga.

Na hapa kwetu, Munganga Carl Becker, aliyefika Kongo mwaka 1929, alifanya kazi miaka mingi kule Oicha, akitunza wakoma kwa maelfu. Wakati ule ukoma ulionekana kuwa hukumu. Yeye aliomba nao, tena aliwapa dawa. Hakuona vita kati ya hayo mawili, kwa nini sisi tuone?

7. TUKIENDA KUMUTAZAMA MUGONJWA

Wenzangu, tushike mambo haya:

a) Tukae chini kwanza, tusikilize. Mugonjwa akipenda kulia, tumuache alie. Kulia hakukuzi uvimbe.

b) Tusimulize, "Ulifanya nini?" wala "Unamushuku nani?"

c) Tusimuahidi kitu tusichokijua. Badala ya kusema, "Mama, utapona kesho," tuseme, "Mama, tuko pamoja na wewe, hatutakuacha."

d) Tusimufiche mugonjwa ugonjwa wake kama anataka kujua. Mara nyingi jamaa wote wanajua isipokuwa yeye, naye anaona macho yao, anabaki peke yake na woga. Munganga amwambie polepole, mutu anayempenda akiwa pembeni.

e) Tusimwambie hata siku moja aache dawa. Kama mutu anakuja kuomba naye, ni vizuri sana. Akimukataza dawa, tumujibu kwa heshima: "Papa, asante kwa maombi, lakini dawa itaendelea."

f) Tulete mikono, si maneno peke yake. Tuteke maji, tufue nguo, tupike uji, tukae na watoto siku ile mama anaenda hopitali. Mugonjwa akiona kazi ya nyumba inaendelea, moyo unatulia. Njia hii ya kutia tumaini inapita hotuba.

8. MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1) Kwa nini kipimo cha watu 69 hakitoshi kuhakikisha jambo?
2) Eleza tofauti kati ya kutuliza maumivu na kuondoa uvimbe.
3) Ebola ilitufundisha nini juu ya kufika mapema hopitali?
4) Mugonjwa anakuambia, "Mimi sina tumaini tena." Utamujibu nini? Utamufanyia nini?

Neno la mwisho. Mwenzetu aliyeniuliza amekwisha kumupelekea mama yake jibu. Lakini katika shule yetu wako wengine ambao wananyamaza na shida kama ile. Kila siku ya kwanza ya juma, kisha ibada, kundi la wanafunzi litaenda kusaidia kazi katika nyumba za wagonjwa wa jamaa za shule: kuteka maji, kupasua kuni, kufua. Anayetaka kuingia aandikishe jina kwangu mbele ya siku ya tano. Na mwenye mugonjwa nyumbani aje aniambie pembeni, sitatangaza jina la mutu.

Wenu katika kazi,
Kapita mukuu wa wanafunzi, mwaka wa mwisho, seksio ya biolojia na kemia